Maneno Yale Yale

Tafakari ya juma
Somo: 1 Wafalme 19:1-18



Dominika ya 19 ya Mwaka A tunasomewa habari za nabii Eliya akiwa pangoni katika mlima Horebu. Unapita upepo wa kupasua miamba, linafuata tetemeko la ardhi, kisha moto, na mwisho kabisa mvumo mwororo ambao ndani yake nabii anatambua kwamba Mungu yupo. Anaufunika uso kwa joho lake, anatoka, anasimama mlangoni mwa pango. Hapo somo linaishia. Tunaitikia, tunaimba zaburi, tunarudi nyumbani tukiamini kwamba Eliya amepata amani.

Ukiifungua Biblia nyumbani na kuendelea na aya zinazofuata, utakuta mambo hayakwisha hapo. Mungu anamwuliza Eliya swali ambalo alikwisha kumwuliza kabla ya upepo: anafanya nini mahali pale? Na Eliya anajibu kama alivyojibu mwanzo, neno kwa neno. Linganisha aya ya 10 na aya ya 14. Amemtumikia Mungu kwa bidii, watu wamelivunja agano, manabii wenzake wameuawa, amebaki peke yake, na yeye naye anawindwa. Miamba imepasuka mbele yake, ardhi imetikisika chini ya miguu yake, Mungu mwenyewe amepita, na nabii bado yuko kwenye sentensi zile zile.

Sishangai. Mtu aliyetembea siku arobaini jangwani akiwa na kisa kimoja kichwani amekisimulia mara ngapi kabla ya kufika? Alipoulizwa hakuhitaji kufikiri. Maneno yalikuwa yamekwisha kupangika.

Waumini wetu wengi wanaishi hivyo. Yuko mama aliyechukua mkopo wa kausha damu ili kuokoa genge lake, na kila akizima taa hesabu inaanza upya: rejesho la Ijumaa, ada ya mtoto, kodi ya nyumba. Yuko mwalimu mstaafu anayesubiri mafao, ambaye ameshapiga picha kichwani mwake ya kila ofisa atakayemwambia arudi kesho. Yuko kijana aliyefokewa na mkubwa wake wa kazi mbele ya wenzake, miezi imepita, na mpaka leo akiwa kwenye daladala anatunga jibu ambalo angempa siku ile. Tukiulizana hali zao tunasema kwa kifupi, "ana mawazo". Na baada ya muda tunasikia, "ana presha".

Juma hili ninawaalika tuitazame njia inayounganisha sentensi hizo mbili, na tumwangalie Mungu jinsi alivyomtibu nabii wake.

Mwili unavyobeba yaliyopita

Mungu aliuumba mwili ujue kukabili hatari. Gari likikukosa kidogo barabarani, kabla hujamaliza kutamka jina la Yesu, ubongo umeshatoa amri. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, mishipa ya damu inabana, presha inapanda, na damu inaelekezwa kwenye misuli ili ukimbie. Baadaye kidogo inafuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo inaweka sukari tayari kwenye damu ili nguvu zisikuishie. Hatari ikipita, neva ndefu itokayo kwenye ubongo hadi moyoni, ambayo madaktari wanaiita vagasi, inaupunguzia moyo kasi, na baada ya dakika chache unaendelea na safari.

Mpango huu ni mzuri kwa gari linalokuja. Shida inaanza unapofika nyumbani, ukakaa, ukalikumbuka lile gari, na ukaanza kufikiria watoto wako wangebaki na nani. Barabara ni ile ya mchana na gari limeshakwenda zake, lakini moyo unaongeza kasi tena.

Mwaka 2006 watafiti watatu, Jos Brosschot wa Chuo Kikuu cha Leiden nchini Uholanzi pamoja na William Gerin na Julian Thayer wa Marekani, waliliweka jambo hili katika hoja moja iliyo wazi. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakipima matukio yenyewe: ugomvi, kufukuzwa kazi, kufiwa. Hao watatu wakasema kwamba matukio mengi ya maisha ni mafupi. Yangekuwa peke yake, mwili ungeyamudu. Kinachochosha moyo ni kuyabeba, kabla hayajatokea kwa kuyahofia, na baada ya kutokea kwa kuyarudia. Ni kama pikipiki iliyoegeshwa kijiweni injini ikiwa inanguruma: abiria hakuna, safari hakuna, lakini mafuta yanakwisha na vyuma vinalika.

Hoja hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2002 Gerin na wenzake, Laura Glynn na Nicholas Christenfeld, walikuwa wamewapitisha watu katika jambo la kuwakera, kisha wakapima presha zao zikishuka. Waliopewa kitu kingine cha kushughulisha akili walitulia mapema. Walioachwa wakae tu na fikra zao walichelewa. Na baadaye, walipotakiwa kulikumbuka tu lile lililowakera, presha ilipanda tena. Mwaka 2016 Cristina Ottaviani na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 60 za aina hiyo. Mtu anapozunguka na wasiwasi au machungu yale yale, mapigo ya moyo huongezeka, presha hupanda, kotisoli huongezeka, na moyo hupoteza wepesi wake wa kubadili mwendo. Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Moyo wenye afya haupigi kwa vipimo vilivyo sawa kabisa. Unaharakisha kidogo ukivuta pumzi na kupunguza ukiitoa. Moyo wa mwenye wasiwasi unakakamaa, unapiga kwa mwendo mmoja, kama askari wa zamu ambaye hajapokelewa.

Je, hayo yanafika kwenye ugonjwa wenyewe? Mwaka 1997 Laura Kubzansky na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 1,759 nchini Marekani kwa miaka 20. Waliokuwa na wasiwasi mwingi kupita wenzao kuhusu hali ya jamii yao walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya kupata shambulio la moyo ambalo haliui papo hapo. Mwaka 2004 utafiti mkubwa ulioongozwa na Salim Yusuf wa Kanada, uliofanyika katika nchi 52, zikiwemo za Afrika, uliutaja msongo wa nyumbani, wa kazini na wa fedha katika orodha moja na sigara, presha na kisukari miongoni mwa mambo yanayoandamana na shambulio la moyo. Na mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliowachunguza watu 293 kwa picha za mwili waliona kipande cha njia yenyewe. Wale ambao sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu ilikuwa na kazi nyingi zaidi, uboho wa mifupa yao nao ulikuwa unafanya kazi kupita kawaida, kuta za mishipa yao zilikuwa na uvimbe wa ndani, na miaka iliyofuata ndio walioongoza kwa kupata magonjwa ya moyo na kiharusi.

Tafiti hizi zinaonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Haziwezi kumwambia mtu mmoja mmoja kwamba shambulio lake lilitoka kwenye wasiwasi. Lakini Yoshua bin Sira, aliyeishi karne nyingi kabla ya mashine hizo, aliliona kwa macho matupu. Katika sura ya 30 ya kitabu chake anatuonya tusiikabidhi nafsi yetu kwa huzuni, kwa sababu wivu na hasira hupunguza siku za mtu, na wasiwasi humzeesha kabla ya wakati.

Usiku

Kuna saa moja ambayo mawazo huipenda kuliko zote, nayo ni pale kelele za mtaa zinapokwisha. Mchana tunauza, tunafundisha, tunapika, tunajibu simu. Usiku hakuna kinachoyazuia.

Kwa kawaida mtu akilala presha yake hushuka kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Ni mapumziko ambayo Muumba ameyatengea mishipa yetu kila siku bila malipo. Wale ambao presha zao hazishuki usiku ndio madaktari huwaangalia kwa makini zaidi, kwa kuwa hatari yao ya magonjwa ya moyo na kiharusi ni kubwa. Brosschot na Thayer, pamoja na mwenzao mwingine, waliwavalisha watu vipimo vya moyo mchana na usiku. Mwaka 2007 walieleza kwamba wasiwasi wa mchana ulionekana hata kwenye mapigo ya mtu aliyekwisha kusinzia. Macho yamefumba, moyo uko zamu.

Zaburi ya 127 inawasema wanaoamka mapema na kuchelewa kulala wakila chakula cha taabu, na kutaja usingizi kuwa zawadi ambayo Bwana huwapa anaowapenda. Tumezoea kuisikia kwenye harusi, kwa sababu ya maneno yake juu ya watoto. Ingefaa pia isomwe kwa wenye maduka, kwa wakopaji, na kwa sisi mapadre.

Tusiwatwike wagonjwa mzigo wa pili

Ninajua baadhi yenu mmeifikia aya hii mkiwa mmeshaanza kuwa na wasiwasi juu ya wasiwasi wenu. Naomba tuelewane.

Presha ina mizizi mingi: urithi wa familia, umri, chumvi, uzito, pombe, sigara, figo, kukaa bila kuutumikisha mwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima zaidi ya bilioni 1 wanayo, na karibu nusu yao hawajui, kwa kuwa haina kelele. Kwa hiyo anayesema "mimi sina mawazo, sina presha" bado anahitaji kupimwa, na akikutwa na 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, aende kwa daktari. Aliyepewa vidonge asiviache kwa sababu ameombewa au kwa sababu siku hizi anajisikia vizuri. Yoshua bin Sira huyo huyo, katika sura ya 38, anatuagiza kumheshimu tabibu na kutodharau dawa, kwa maana Bwana ndiye aliyezitoa katika ardhi. Na katika sura hiyo hiyo anamwagiza mgonjwa asali. Kwake mambo hayo mawili hayagombani.

Tena, mwenye mawazo asiambiwe kwamba hana imani. Eliya alipokaa chini ya mti jangwani na kuomba afe, alikuwa ametoka kwenye mlima Karmeli, alikoomba moto ukashuka mbele ya manabii 450 wa Baali. Aliyetetemeka kwa vitisho vya malkia Yezebeli ni yule yule aliyesimama Karmeli. Imani ilikuwepo, nguvu ndizo zilizokwisha.

Na mara nyingi mawazo yana sababu. Deni la yule mama ni la kweli, na riba yake ni ya kweli. Mtume Yakobo anamkemea anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani, akashibe, huku hampi kitu. Kumwambia mdaiwa "mwachie Mungu" kisha kuaga na kuondoka ni kosa hilo hilo. Jumuiya Ndogo Ndogo ambayo inajua fulani anadaiwa, na inayo hata mtu mmoja anayeweza kukaa naye kuyasoma masharti ya mkopo na kumsindikiza kuomba muda, imeutunza moyo wake kuliko mahubiri yangu.

Mungu alivyomtibu Eliya

Sasa turudi kwenye somo, tuone hatua za Mungu, maana mpangilio wake una hekima.

Kwanza alimwacha alale. Malaika alipokuja hakuja na neno la kukemea. Alikuja na mkate uliookwa juu ya makaa na maji. Eliya alikula, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula. Usingizi mara mbili, chakula mara mbili, ndipo safari. Wapo wanaotafuta maana ya kiroho ya uchovu ambao tiba yake ni kula kwa wakati na kulala. Ukimwona mwenzako amezama kwenye mawazo, kabla ya ushauri mwulize amekula nini leo.

Pili alimwuliza, akamsikiliza. Alimwuliza akijua jibu, na alipopewa jibu lile lile mara ya pili hakusema "umeshaniambia". Jambo lililosemwa mbele ya msikilizaji mwaminifu lina mwanzo na mwisho. Likibaki kichwani halina. Ndiyo maana kitubio, mazungumzo na mshauri, hata daftari, vina nafasi yake. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake nchini Marekani waliwafundisha watu wenye wasiwasi mwingi kuutengea wasiwasi wao nusu saa maalumu ya siku, saa ile ile na mahali pale pale. Ukija nje ya saa hiyo wanauambia usubiri. Wasiwasi ulipungua. Na katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, ambacho ni chuo cha Kikristo huko Texas, waliwataka watu watumie dakika 5 kabla ya kulala kuandika mambo watakayoyafanya siku zijazo. Walisinzia mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyamaliza. Karatasi ilishika zamu, wao wakalala.

Tatu alimpa kazi. Mungu hakubishana na malalamiko ya Eliya. Alimtuma: apite njia ya kuelekea Dameski, ampake mafuta Hazaeli, ampake mafuta Yehu, ampake mafuta Elisha. Majina matatu, njia moja. Mwanasaikolojia Edward Watkins wa Uingereza, katika mapitio yake ya mwaka 2008, alionyesha kwamba si kila kurudia-rudia kunadhuru. Mtu akizunguka na "kwa nini mimi, kwa nini daima mimi", anazama. Akiligeukia jambo lenyewe kwa udogo wake, nini kilitokea, hatua ipi inafuata, kurudia kule kule kunaweza kumsaidia. Eliya aliulizwa anafanya nini, akajibu kwa nini anateseka. Mungu akamrudisha kwenye nini, wapi na nani.

Nne alimsahihisha hesabu. Nabii alisema amebaki peke yake. Mungu akamwambia wapo 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Mawazo ya kurudiwa yana tabia ya kupunguza watu mpaka ubaki wewe tu. Tukumbuke pia kwamba Eliya alikuwa na mtumishi, na ni yeye mwenyewe aliyemwacha Beer-sheba kabla ya kuingia jangwani. Wangapi wetu, mambo yakizidi, tunaacha kwanza kwenda jumuiya, tunaacha kwaya, tunaacha kupokea simu za ndugu, kisha tunasema hakuna anayetujali? Sura inamalizika Eliya akiwa na mtu wa kutembea naye, Elisha, aliyetupiwa joho akiwa shambani nyuma ya ng'ombe wake.

Rozari na pumzi

Mnaweza kuniuliza: ikiwa kurudia kunachosha moyo, mbona Kanisa linapenda kurudia? Litania tunarudia, Rozari tunarudia, na Zaburi ya 136 ina kiitikio kimoja kinachorudi mara 26.

Mwaka 2001 daktari Mwitalia Luciano Bernardi na wenzake walichapisha jambo zuri. Waliwapima watu 23 wenye afya wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kiongozi na waitikiaji wakipokezana kama tunavyofanya. Pumzi zao zilishuka hadi kama sita kwa dakika, mwendo unaokaribiana na mawimbi ya asili ya presha mwilini, na uwezo wa mwili kuirekebisha presha yenyewe uliongezeka. Katika utafiti huo huo sala ya kurudiwa ya Kibuddha ilileta matokeo kama hayo. Hilo lisitukwaze. Pumzi ya watu wote ilitoka kwa Muumba mmoja, na Rozari haikutolewa kwetu iwe dawa ya presha. Tunaisali ili tuyatazame maisha ya Kristo pamoja na Mama yake. Ila ni heri kujua kwamba sala ya taratibu haiuachi mwili nyuma. Na ni vizuri kujisahihisha, kwa sababu kwenye jumuiya zetu kuna jioni ambazo tunaikimbiza Rozari mpaka waitikiaji wanaanza kabla kiongozi hajamaliza. Kwa mwendo huo hata shetani hapati nafasi, lakini na sisi hatupumui.

Sala yenyewe inaweza kugeuka kuwa wasiwasi uliopiga magoti. Mtu anakesha akimweleza Mungu deni lile lile, adui yule yule, kwa maneno yale yale, na asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Tutapambanua vipi?

Tumtazame Bwana katika bustani ya Getsemani. Mwinjili Mathayo anatuambia wazi kwamba Yesu alisali mara tatu, na mara ya tatu alisema maneno yale yale. Bwana wetu naye alirudia. Luka anaongeza kwamba mwili wake uliingia katika uchungu ule, na jasho lilidondoka. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mwenye kurudia amekosa. Lakini angalieni alivyorudia. Alianza kwa kumwita Baba. Alilitaja jambo lake bila kulificha, kikombe anachokiogopa. Aliliweka chini ya mapenzi ya mwingine. Alikuwa amewaomba rafiki watatu wakae karibu, hata kama walilala. Kisha aliinuka, akawaamsha, akaenda kukutana na lililokuwa likija.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Mawazo hayana Amina. Hayana yule anayeambiwa, hayana mahali pa kuachia, hayana saa ya kuinuka. Yanageuka na kuanza tena. Sala, hata ya machozi, hata ya maneno yale yale kila usiku, inamwita mwingine kwa jina, inamkabidhi, na inafunga. Bikira Maria naye aliyaweka mambo moyoni na kuyatafakari, Luka anatuambia mara mbili katika sura ya pili. Alikuwa na mengi ya kumnyima usingizi: uzazi wa ugenini, utabiri wa upanga, mtoto aliyepotea siku tatu. Aliyageuza moyoni mbele ya Mungu, na tunamkuta baadaye harusini Kana, akiwa na utulivu wa kuona kwamba divai ya watu wengine imekwisha.

Kwa juma hili

Nawapeni mambo manne, mchukue hata moja.

Pima presha. Zahanati, duka la dawa lenye kipimo, au dada muuguzi wa jumuiya yako. Ukiwa na dawa, zimeze kama ulivyoagizwa.

Kabla ya kulala andika kwenye karatasi jambo moja utakalolifanya kesho kuhusu lile linalokusumbua. Liwe dogo na liwe na mtu ndani yake: nitampigia fulani, nitakwenda ofisi fulani kuomba karatasi fulani. Simu iweke mbali na kitanda, kwa maana habari za nchi na za dunia hazitatengenezwa na wewe saa sita usiku.

Sali fungu moja la Rozari, taratibu, ukivuta pumzi upande wa kiongozi na kuitoa upande wa kuitikia. Ukifika mwisho sema Amina kwa sauti, na ulale. Ukiamka usiku na mawazo yakarudi, usijikaripie. Rudia Salamu Maria moja na umalize tena kwa Amina.

Na mtafute Eliya mmoja mtaani kwako, yule aliyeacha kuonekana jumuiyani. Mpelekee chakula. Mwulize anaendeleaje. Akikusimulia jambo ulilokwisha kulisikia, msikilize kama hujalisikia.

Tuombe. Ee Bwana, wewe ulimlisha nabii wako kabla ya kumtuma. Tunakukabidhi madeni yetu, wagonjwa wetu, watoto wetu walio mbali, na maneno makali tuliyoambiwa ambayo hatujaweza kuyasahau. Uwajalie usingizi wanaokesha na hofu, uwape hekima madaktari na wauguzi wetu, uwalainishe mioyo wanaowadai maskini. Kesho utuonyeshe kazi moja ya kufanya na mtu mmoja wa kutembea naye. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.